Ukitaka kubishana kuhusu mchezaji wa hoki, anza na kazi aliyopewa

Wadau, naandika hii kwa mlioko Kanada na Marekani mnaofuatilia NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu huko, na nyie wa nyumbani mnaokesha kucheki mechi kwenye simu, maana ubishi wetu wa hoki ya barafu unaishia palepale kila siku, huyu kafunga ngapi yule kafunga ngapi, basi. Kwenye mpira wa miguu hatuendi hivyo, hakuna mtu kijiweni anaemlaumu kiungo mkabaji kwa kutofunga, sasa kwanini hoki tunafanya?

Kwahiyo kabla hujamponda mtu jua kwanza kocha kamtuma nini. Timu inavalisha wachezaji 20, kawaida mafowadi 12, mabeki 6 na makipa wawili. Mafowadi wanatoka kwa laini nne za watatu watatu, senta na mawinga wake wawili, mabeki wawili wawili, na wanapokezana kila baada ya sekunde 45 hivi, hiyo ndo shifti. Fowadi wa laini ya kwanza anagonga dakika 20 kati ya 60, wa laini ya nne anapata 8 au 10, ukiwapanga kwa pointi tupu (goli ni pointi moja, pasi ya goli nayo moja) huyu wa pili unamwonea, gawa kwanza pointi kwa dakika alizokaa barafuni ndo uongee. Na angalia mechi ilikua wapi, timu ya nyumbani ndo inabadilisha wachezaji ya mwisho, yaani kocha anaona kwanza mpinzani kaleta nani alafu ndo anachagua wa kumkaba. Ugenini hana hiyo nafasi, staa wake anaweza kuganda na mkabaji mmoja usiku mzima.

Alafu kuna pawaplei, mpinzani katolewa dakika mbili kwa kosa, nyie mko watano wao wanne. Edmonton msimu wa 2022-23 walifunga asilimia 32.4 ya pawaplei zao, rekodi ya ligi, na staa wao Connor McDavid akamaliza msimu na pointi 153. McDavid ni balaa popote utakapomuweka, hapo sibishi, ila mtu akikuletea pointi za winga aliekua kwenye kikosi kile muulize ngapi kazipata watano kwa watano.

Namba inayotumika vibaya kuliko zote ni plasi-maina. Timu yako ikifunga ukiwa barafuni unapata plasi moja, ikifungwa maina moja, na magoli ya pawaplei hayahesabiwi. Wewe hujagusa paki, kile kisahani cheusi kinachopigwa kwa fimbo, umeingia sekunde tatu zilizopita, kipa wako kapitwa, maina yako hiyo. Chukua Erik Karlsson, beki, 2022-23 akiwa San Jose alipata pointi 101, kwa beki hiyo ni mvua ya mawe, na plasi-maina yake ilikua -26. Wapo walioshika hiyo -26 wakasema hakabi kabisa, lakini San Jose ile ilishinda mechi 22 tu kati ya 82, nani angetoka na plasi pale? Akapewa tuzo ya Norris, ya beki bora. Kwa upande wangu alistahili, ila ukiniambia ninahitaji beki wa kulinda goli moja zikiwa zimebaki dakika mbili simchukui Karlsson, namchukua Jaccob Slavin wa Carolina ambae hajawahi kufikisha pointi 50 kwa msimu. Hakuna mkubwa kati yao, ni kazi mbili tofauti.

Sasa macho. Hili nimefundishwa kazini Edmonton, mapumziko ya zamu ya usiku, nilikua namponda senta mmoja wa laini ya tatu kwamba mechi sita hajafunga. Mzee mmoja tunaefanya nae kazi akaweka klipu kwenye simu akaniambia usiangalie paki, mwangalie yeye tu. Nikamwangalia. Anageuza shingo kushoto, anageuza kulia, hata hajaguswa na mtu. Beki wake kapanda mbele, yeye akarudi kimya kimya kushika nafasi ya beki. Fimbo kailaza barafuni palepale pasi ilipotakiwa kupita, mpinzani kaangalia, kakosa njia, kaitupa paki ukutani. Shifti ikaisha. Goli hakuna, shuti hakuna, na dhidi ya laini bora ya wapinzani! Toka siku hiyo kila mechi nachagua mchezaji mmoja namfuata shifti tatu nzima, jaribuni na nyie. Mkitaka darasa zaidi mfuateni Aleksander Barkov wa Florida, kachukua Selke, tuzo ya fowadi anaekaba vizuri zaidi, 2021, 2024 na 2025.

Makipa wanahitaji subira zaidi. Connor Hellebuyck wa Winnipeg msimu wa 2024-25 alishinda mechi 47, akaokoa asilimia 92.5 ya mashuti, akabeba Vezina ya kipa bora na Hart ya mchezaji muhimu zaidi kwa timu yake. Mtoano ukaanza dhidi ya St. Louis, mechi zote tatu za ugenini kocha akamtoa akaingiza kipa mwingine kabla mechi haijaisha, na bado Winnipeg wakapita mechi ya saba. Hapo watu walirushiana maneno mpaka basi, mmoja anasema bora duniani, mwingine anasema hana moyo, na kila mmoja ana namba zake za kweli. Msimu na mtoano vibishanieni mbalimbali, alafu rudisheni magoli aliyofungwa mtazame moja moja: alizibwa macho na mtu aliesimama mbele yake? Paki iligonga mguu wa beki ikageuka? Ilikua pasi ya kukata uwanja akabidi ateleze kutoka nguzo hadi nguzo? Au aliiona toka mbali na bado ikampita? Hilo la mwisho ndo mhesabieni yeye.