Kukusanya sarafu za zamani za Muingereza, za dhahabu na silva, ukiwa Arusha au Moshi

Kwanza tuelewane hapa, uzee wa sarafu sio bei yake. Peni ya silva ya mfalme Edward wa Kwanza, zile zilizogongwa kuanzia 1279, ina miaka zaidi ya 700 na mtu wa kawaida anaweza kujipanga akainunua, kwasababu ziligongwa nyingi mno na mpaka leo watu huko Uingereza wanaziokota mashambani. Alafu chukua pauni ya dhahabu (wenyewe wanaiita sovereign) ya 1819, ya juzi tu ukilinganisha, hiyo ni ya matajiri kwani zilizobaki ni za kuhesabu. Kwahiyo kinacholipa ni uchache, hali ya sarafu yenyewe na uhakika kwamba sio feki, na hayo yote unayajua kwa kujifunza kuisoma sarafu kabla hujatoa hela mfukoni. Mtu akikwambia "hii ni ya zamani sana mkuu" hajakwambia kitu bado.

Ushauri wangu anza na silva, dhahabu isubiri. Silva ukikosea hasara inavumilika, na kuisoma ni rahisi kwasababu mwaka tu unakwambia nusu ya habari. Sarafu za silva za Uingereza mpaka 1919 ni asilimia 92.5, kuanzia 1920 wakapunguza ikawa asilimia 50 mpaka 1946, na 1947 wakaitoa kabisa wakaweka mchanganyiko wa shaba na nikeli. Kariri hiyo. Mtu akikuletea nusu krauni (sarafu ya shilingi mbili na nusu za Uingereza) ya 1948 anaiita silva mrudishie kwa heshima tu, usibishane nae.

Uzito nao ukariri, ni wa sarafu za kuanzia 1816: krauni ni gramu 28.28, nusu krauni 14.14, shilingi 5.66, peni sita 2.83. Ukiziangalia vizuri ni hesabu moja inayogawanyika, ndio maana hazisahauliki. Sarafu iliyotumika sana inapungua kidogo, hilo ni kawaida, lakini haiwezi kuzidi. Ikizidi kaa mbali.

Sasa kwa sisi wa huku kuna darasa la bei chee, nalo ni shilingi ya East Africa, ile yenye simba na milima nyuma yake. Imeanza 1921, na mpaka 1946 ina silva robo, asilimia 25, za 1948 kwenda 1952 hazina silva hata chembe. Kule Machame, Kibosho, Marangu, nyumba nyingi za wazee bado zina kikopo cha hela ya mkoloni kimekaa kabatini toka enzi za kahawa, ila nyingi humo ni zile senti za tundu ambazo ni shaba, usizilipie kama silva. Ukienda kwa mzee nenda kistaarabu, shikamoo babu, kaa, kunywa chai, mwambie ukweli sarafu yake ina nini na ina thamani gani, tafadhali usimlalie. Mzee uliyemtendea haki atakutuma kwa jirani yake, na huyo jirani ndio huwa ana kitu. Ziangalie na lenzi, chini ya simba au karibu na mwaka utakuta herufi ndogo, H ni kiwanda cha Heaton kule Birmingham, SA ni Pretoria, I ni Bombay. Jicho likizoea kutafuta herufi kwenye shilingi ya simba halitapata shida kwenye pauni ya dhahabu.

Vifaa havitishi. Arusha tuna bahati, mji umejaa madalali wa tanzanite kwahiyo lenzi ya mara kumi na mizani ya kidijitali inayosoma gramu 0.01 ni vitu vya kuulizia tu mjini. Ongeza rula ya vernia ya kupimia kipenyo na sumaku kali. Sumaku inakamata feki za chuma tu, shaba na risasi hazishikwi, usiiamini peke yake.

Kipimo ninachokiamini ni cha maji, na unakifanya mezani kwako. Weka glasi ya maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri. Funga sarafu na uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, tuliza mkono wako usitikisike, toa mapovu kama yapo, soma namba. Chukua uzito wa sarafu ikiwa kavu ugawanye kwa hiyo namba. Pauni ya dhahabu ina gramu 7.98 kavu, kwenye maji mizani itasoma kama 0.45, ukigawanya unapata karibu 17.7 na hiyo ndio dhahabu ya karati 22. Krauni ya Victoria itasoma kama 2.73, jibu linakuja 10.3 na kitu, na hiyo ndio silva ya asilimia 92.5. Ukipata 8 kwenye kitu kinachoitwa dhahabu, hiyo ni shaba iliyopakwa rangi, funga mazungumzo. Na usikubali sonara aisugue kwenye jiwe atie asidi, ule mchubuko unabaki milele. Tafuta duka la dhahabu lenye mashine ya kupima karati bila kukwaruza, lipo.

Ukishazoea ndio uje kwenye dhahabu. Pauni ya kisasa ilianza 1817, kipenyo milimita 22.05, mara nyingi mgongoni kuna Mtakatifu George juu ya farasi anaua joka, kazi ya Benedetto Pistrucci. Angalia ardhi chini ya farasi, juu kidogo ya mwaka, kama kuna herufi: S Sydney, M Melbourne, P Perth, C Ottawa, SA Pretoria, I Bombay ya 1918 tu. London haina herufi, na hapo ndipo pesa ilipo, 1917 isiyo na herufi ni adimu wakati ya 1917 yenye S au P ni ya kawaida, kwahiyo matapeli wanapenda sana huo mwaka. Pia jua kwamba kuna feki zenye dhahabu ya kweli, ziligongwa kwa wingi Lebanoni na Italia baada ya vita ya pili, mpaka Uingereza ikarudi kugonga pauni 1957 kuzipunguza nguvu. Hizo maji hayazikamati, zinakamatwa na jicho: nywele za mfalme zimevimba kama sabuni, herufi nono, meno ya ukingoni hayalingani. Linganisha na picha za sarafu halali, tovuti ya Numista ni bure.

Kuna nyingine ya kutisha, peni sita ya 1887 yenye ngao. Ilifanana na nusu pauni ya dhahabu kiasi kwamba watu waliipaka dhahabu wakaipitisha madukani, serikali ikaibadilisha mwaka huo huo. Kipenyo karibu sawa, uzito ndio unaiumbua: nusu pauni 3.99, yenyewe 2.83. Kwa bei ya peni sita ni sarafu nzuri sana kuwa nayo.

Ile ya tembo ya Tabora ya 1916, rupia 15, ni ya Mjerumani sio Muingereza, na replika zake zipo. Na hizi stori za rupia yenye nguvu za ajabu inayonunuliwa mabilioni ni utapeli mtupu, watu wameuza mashamba jamani.

USISAFISHE SARAFU. Naomba sana. Dawa ya meno, limao, majivu, stilwaya, vyote hapana. Ule weusi wenye bluu na zambarau ukingoni mwa silva ya zamani ndio wanunuzi wanaoutafuta, ukisugua unaacha mistari midogo midogo inayoonekana ukiinamisha sarafu kwenye mwanga, na bei inaanguka hata nusu na zaidi. Shika kwa ukingo, vidole visiguse uso. Hifadhi kwenye vibahasha vya karatasi isiyo na asidi au vidonge vya plastiki ngumu, zile plastiki laini za PVC zinatoa utelezi wa kijani unaokula silva. Masika ya Moshi yana unyevu, tupia vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye boksi za viatu. Andika daftarini umenunua lini, kwa nani, uzito, namba ya maji.

Ukitaka kitu cha kulenga miaka ijayo, mimi nakupa gini ya tembo, gini ni sarafu ya dhahabu ya Uingereza iliyotangulia pauni. Gini zilianza 1663, na zenye tembo mdogo chini ya kichwa cha mfalme zilitokana na dhahabu iliyoletwa na kampuni ya Royal African Company kutoka pwani ya Afrika Magharibi. Dhahabu ya bara letu, na alama ya tembo imewekwa wazi kabisa. Nataka siku moja nyingi ya hizi ziwe mikononi mwa Waafrika. Za silva zipo zenye LIMA chini ya kichwa, 1745 na 1746, mara nyingi zinahusishwa na hazina ambayo George Anson, kamanda wa meli za kivita za Uingereza, aliiteka kwa Wahispania, hizo zinafikika mapema zaidi.

Kwa sarafu za kiwango hicho nenda minada ya London kama Spink au Noonans, unashiriki kwa intaneti, au nunua iliyofungwa na PCGS au NGC, kampuni za kuhakiki sarafu, na uhakiki namba yake kwenye tovuti zao. Kabla hujapandisha dau piga hesabu yote, kamisheni ya mnada mara nyingi inazidi asilimia 20 juu ya bei ya nyundo, yaani dau la mwisho, kuna usafirishaji wenye bima, kuna kodi. Ikitua KIA au ukiingia nayo Namanga itangaze forodhani na risiti mkononi, risiti hiyo hiyo ndio itakusaidia siku ukitaka kuiuza.