Mbwa wa Shamba Hufika Wapi Usiku: Namna ya Kukadiria Umbali na Kuwarudisha

Mkulima wa kusini-mashariki mwa Tanzania anayelala kwenye dungu, yaani jukwaa la kulindia mazao, kule Liwale, Nachingwea au kandokando ya Mto Ruvuma huwaachia mbwa wake pindi anaposikia nguruwe pori wakifukua muhogo, na baada ya dakika chache hubaki na sauti tu gizani. Kujua kama sauti ile iko mita 300 au kilomita 2 si jambo la kujifurahisha, kwa sababu ndilo linaloamua kama atawaita, atawasubiri au ataamsha majirani. Ujuzi huu hupatikana kwa kupima, na sehemu kubwa ya kupima hufanyika kabla msimu wa kulinda haujaanza.

Wawindaji wa rakuni wa Marekani wameishi na swali hili kwa vizazi vingi, na yako mambo yao ambayo yanatufaa. Rakuni ni mnyama wa usiku wa Amerika ya Kaskazini, ambaye kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 4 hadi 9, na akifukuzwa hupanda mti. Mbwa wanaomwinda, wa koo kama Treeing Walker, Bluetick, Redbone na Plott, wamezalishwa ili wafuate harufu ya ardhini huku wakipaza sauti, na wakifika chini ya mti wabaki hapo wakibweka mpaka mwenyewe atokee. Hata kwa mbwa hao hakuna jibu moja la umbali. Yuko anayezunguka ndani ya mita mia chache na kurudi asipopata kitu, na yuko anayenyoosha kilomita moja, mbili au zaidi mpaka aipate harufu. Mwenye msitu mdogo uliozungukwa na barabara humtafuta yule wa kwanza, na mwenye msitu mpana humtafuta wa pili.

Kwetu tofauti kubwa inatokana na mnyama anayefukuzwa. Kanu aliyekuja kuiba kuku hupanda mti kama rakuni, na fungo au nguchiro hutafuta kichaka au shimo la karibu, kwa hiyo mbio zao ni fupi na mara nyingi huishia pale unapozisikia. Nguruwe pori hapandi mti wala hana haja ya shimo. Dume lake linaweza kuzidi kilo 100, hutembea na kundi, na anayajua mapito yote yanayotoka shambani kwako hadi kwenye kichaka kizito anakoshinda mchana. Mbwa wakimfuata, watafika mahali anapokusudia kwenda yeye. Ndiyo maana swali la kwanza la mwenye mbwa halihusu nguvu za mbwa wake. Anapaswa kujiuliza nguruwe wa eneo lake hulala wapi, na kuna umbali gani hadi hapo.

Anza basi kwa kutembea mchana. Fuata nyayo na mapito ya nguruwe kutoka ukingo wa shamba mpaka utakapoona kichaka, bonde lenye matete au korongo wanaloingia, lakini usiingie humo. Pima njia hiyo kwa programu ya ramani ya simu, au kwa kuhesabu hatua baada ya kuipima hatua yako mwenyewe kwa kamba ya mita 50. Kisha chora karatasi ya shamba ukionyesha dungu, visima, barabara, nyumba za jirani, mazizi ya mbuzi na mipaka ya hifadhi. Karatasi hii itakusaidia usiku kuliko tochi, kwa kuwa sauti ikitokea upande fulani utajua mara moja kuna nini huko.

Hatua ya pili ni kulizoeza sikio. Jioni tulivu, mwombe mtu unayemwamini achukue mbwa mmoja kwa kamba na kusimama mahali mlipokwisha kupima: mita 250, mita 500, na kilomita 1. Kila mahali amfanye mbwa abweke, huku wewe ukiwa kwenye dungu na kuandika kama umesikia vizuri, kwa shida, au hukusikia kabisa. Rudieni zoezi hilo jioni yenye upepo. Kipindi cha Kusi, mbwa aliyeko kusini-mashariki mwa dungu husikika kama yuko karibu kwa sababu upepo unaileta sauti yake, na aliyeko kaskazini-magharibi husikika kama yuko mbali zaidi ya alipo. Kaskazi ikivuma, aliyeko kaskazini-mashariki ndiye husikika kama yuko karibu. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoa haraka na hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, jambo linaloipinda sauti irudi chini na kuifikisha mbali sana. Sauti inayosikika wazi saa tisa usiku inaweza kutoka mahali ambapo mchana usingesikia lolote.

Umbo la nchi nalo hudanganya. Kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, hasa pande za Newala, mbwa aliyeteremka kwenye mteremko husikika kama amenyamaza ilhali yuko mita 400 tu, kwa kuwa ukingo umeikata sauti. Kinyume chake, katika bonde la Lukuledi mbwa aliye ng'ambo husikika kana kwamba yuko mlangoni. Kwa hiyo usiichukue orodha uliyoandika kwenye shamba moja ukaitumia kwenye shamba lingine.

Njia ninayoipendekeza zaidi haihitaji chombo chochote cha gharama, nayo ni ya madungu mawili. Pimeni umbali kati ya dungu lako na la jirani, tuseme mita 300. Mbwa wakianza kubweka mahali pamoja bila kuhama, kila mmoja wenu aelekeze fimbo ndefu kule anakosikia sauti na kuilaza ilivyo, kisha mpigiane simu. Kama fimbo yako imefanya nyuzi 90 na mstari unaounganisha madungu, na ya jirani imefanya nyuzi 45, mbwa wako mita 300 mbele yako. Ya jirani ikifanya nyuzi 60, wako karibu mita 520. Ikifanya nyuzi 75, wamefika kiasi cha mita 1,100. Hapo ndipo uangalifu unapotakiwa, kwa maana ikiwa jirani amekosea kidogo na nyuzi zilikuwa 80, umbali wa kweli ni mita 1,700. Kadiri mbwa wanavyokwenda mbali ndivyo kosa dogo la fimbo linavyokuwa kosa kubwa la umbali, na dawa yake ni kutumia madungu yaliyoachana zaidi.

Ukiwa peke yako, tumia saa. Mbwa akienda mwendo wa kilomita 12 kwa saa hukata mita 200 kila dakika, kwa hiyo dakika tano za kufukuza mfululizo ni njia ya kilomita 1. Lakini njia aliyopita mbwa si sawa na umbali kutoka kwako hadi alipo, maana nguruwe na rakuni wote huzunguka, huvuka maji na kurudia mapito yao. Mbwa anaweza kukimbia kilomita 4 na kuwa mita 600 tu kutoka dungu. Chukulia hesabu ya saa kuwa ndiyo upeo wa mbali kabisa anapoweza kuwa.

Sikiliza pia namna wanavyobweka. Milio ya haraka inayohama huonyesha kwamba wanafukuza. Kubweka kizito, mfululizo na mahali pamoja kunaonyesha kwamba mnyama amesimama, na kwa nguruwe pori hiyo ndiyo saa ya hatari, kwa sababu meno yake huchana mbwa tumbo. Kunyamaza ghafla hakuna maana moja: huenda wamepoteza harufu, wamevuka kilima, au wamekutana na chui, ambaye humpenda mbwa kuwa windo. Njuga shingoni husaidia mita mia chache za mwisho, wakati mbwa anarudi bila kubweka.

Msimu hubadilisha kila kitu. Kati ya Desemba na Aprili udongo una unyevu na nyasi zina umande, harufu hukaa chini muda mrefu, na mbwa huweza kuifuata mbali. Mvua kubwa peke yake ndiyo huifuta. Agosti hadi Oktoba ardhi ni kavu, harufu hupotea upesi, na mbwa walewale hurudi mapema. Asiyelijua hili husema mbwa wake wamekuwa wavivu.

Wamarekani siku hizi huvalisha mbwa ukanda wenye GPS, kama ule wa Garmin, ambao hutuma mahali alipo kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kifaa cha mkononi. Kwenye uwazi hufika kilomita nyingi, lakini miti na mabonde huupunguza uwezo huo sana. Kabla ya kuagiza cha namna hiyo, uliza TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kuhusu masafa yake. Vile vya laini ya simu ni rahisi zaidi, ila havina kazi pasipo na mtandao, na vichaka vingi vya Liwale na Nanyumbu havina.

Umbali ukishajulikana, amua papo hapo. Mbwa wakivuka mpaka uliouchora kwenye karatasi, waite, na usiwafuate kichakani. Ninalisema hili kwa uzito wote, kwa kuwa mikoa yetu imelipia. Watafiti walihesabu zaidi ya watu 563 waliouawa na simba Tanzania kati ya 1990 na 2004, na kusini-mashariki ndiko kulikoumia zaidi. Mashambulizi mengi yalitokea Machi hadi Mei, wakati wa mavuno, na nguruwe pori walitajwa kuwa sababu mojawapo, kwani simba huwafuata mashambani na huko hukuta watu waliolala kulinda mazao. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba saa za kwanza za giza katika siku zinazofuata mwezi mpevu ndizo za hatari zaidi, kwa sababu mwezi huchelewa kuchomoza. Siku hizo wafunge mbwa mapema na upige debe badala ya kuwaachia. Kumbuka pia kwamba kufukuza nguruwe shambani ni jambo moja na kuwinda ni jingine. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na mbwa wako hawapaswi kuonekana ndani ya mapori ya akiba kama Lukwika-Lumesule au Msanjesi. Wanyama wakizidi, mwone afisa wanyamapori wa wilaya.

Mwito wa kurudi hufundishwa tangu mbwa ni mtoto. Tumia mlio mmoja tu, wa pembe au wa filimbi, kila unapompa chakula, na usiutumie kwa jambo lingine lolote. Sauti ya mtu haifiki mbali kama pembe. Mbwa asiporudi mpaka kukucha, fanya kama wafanyavyo wawindaji wa rakuni: acha koti au shuka uliyolalia pale ulipomwachia, pamoja na maji, kisha urudi asubuhi. Mbwa aliyepotea hufuata njia yake mwenyewe kinyumenyume, na mara nyingi utamkuta amelalia nguo hiyo.

Akirudi, mkague kabla hajalala. Angalia tumbo na mapaja kama yamechanwa, shingo na miguu kama ina alama ya tanzi la waya, na nyayo kama zina miiba. Jicho linaloanza kuwa na ukungu siku kadhaa baadaye, pamoja na kukonda, linaweza kuwa dalili ya ugonjwa unaoletwa na mbung'o, hivyo mpeleke kwa daktari wa mifugo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya kila mwaka bila kukosa, maana mbwa anayekwenda mbali hukutana na mbwa wengine na wanyama wa porini. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya sindano. Mbwa aliyekimbia usiku kucha apumzishwe usiku unaofuata, na zamu ya dungu ishikwe na wengine.