Historia ya lazima chuoni: anza na ardhi

Wenzangu mnaosomea uhasibu au uuguzi hapa Kampala na mmepangiwa historia mwaka wa kwanza, msianze kwa kukariri tarehe. Mimi nilikariri kurasa nzima, kisha swali la mtihani likauliza "kwa nini". Nilibaki nimeishika kalamu tu.

Kilichonisaidia ni kushika hati moja na kuichimba. Chukua Mkataba wa Buganda wa 1900, kati ya Waingereza na ufalme wa Buganda. Kabaka (mfalme) Daudi Chwa alikuwa mtoto wa miaka 3 hivi, kwa hiyo walioamua kwa upande wa Buganda ni walezi waliotawala kwa niaba yake, akiwemo waziri mkuu Apolo Kagwa. Jiulize: nani alipata ardhi, nani akabaki mpangaji kwenye shamba alilokuwa akililima? Ardhi ile iligawanywa kwa maili za mraba, ndiyo maana hadi leo tunasema "mailo". Ukishaelewa hapo, hata kesi za viwanja mnazozisikia nyumbani zinaanza kueleweka, na mwaka 1900 hausahauliki tena.

Kwenye daftari, chora mstari katikati ya ukurasa: kushoto kilichotokea, kulia aliyefaidika na aliyepoteza. Upande wa kulia ndio unaojibu mtihani.