Muda wa Nyasi Kupumzika: Usimamizi wa Malisho Viungani mwa Nairobi

Wafugaji wengi wa viungani mwa Nairobi, kuanzia Karen na Dagoretti hadi Njiru na Ruai, huuliza ekari moja inatosha ng'ombe wangapi. Ni swali la haki, lakini nasisitiza kwamba lililo kubwa zaidi ni hili: nyasi zako hukaa siku ngapi bila kuguswa baada ya kuliwa?

Majani yakiliwa, nyasi huchipua upya kwa kutumia wanga uliohifadhiwa chini ya mashina na mizizini. Baada ya siku chache machipukizi huanza kuonekana, nayo ni laini na matamu, kwa hiyo ng'ombe aliyeachwa papo hapo huyarudia na kuyapuuza majani makavu yaliyo kando. Akiba ikitumika tena na tena bila kurudishwa, mizizi hufupika, na mvua inapokatika nyasi hizo ndizo za kwanza kukauka. Ndiyo maana shamba lenye ng'ombe wawili wanaozurura humo mwaka mzima laweza kuchakaa kuliko la jirani mwenye wanne wanaohamishwa kila siku.

Ukitaka kujua hali ya shamba lako, chuchumaa, utenganishe nyasi kwa mikono na uangalie chini kabisa. Zilizopumzika zina mashina yaliyosongamana na udongo hauonekani. Zilizochoka zina vishina vichache vigumu, udongo mtupu katikati, na magugu yameanza kujipenyeza.

Kwa Boma Rhodes, aina ya nyasi za malisho zinazopandwa, ingiza mifugo zikifika sentimita 25 hadi 30, na uwatoe zikibaki sentimita 10 hivi. Nyasi za kikuyu hutambaa ardhini, hivyo hustahimili kuliwa hadi sentimita 5, ingawa hata hizo zinahitaji kupumzika. Kuwatoa mapema kuna faida nyingine, kwa sababu lava wengi wa minyoo, yaani minyoo wachanga, hukaa karibu na udongo, na ng'ombe anayekula chini kabisa huwameza.

Ukubwa wa kitalu cha siku moja, yaani kipande cha malisho wanachokula kabla ya kuhamishwa, hupatikana kwa mundu na mizani. Kata nyasi za mita moja ya mraba, ukiacha kimo unachokusudia kubakiza, kisha uzipime. Tuseme umepata gramu 750: wakati wa mvua, takriban asilimia 20 ya uzito huo ni chakula kikavu (kinachobaki maji yakiondolewa), yaani gramu 150, na ukiondoa theluthi moja itakayokanyagwa na kuchafuliwa kwa kinyesi, unabaki na gramu 100. Ng'ombe wa kilo 400 huhitaji kilo 10 hadi 12 za chakula kikavu kwa siku, kwa hiyo mpe mita 120 za mraba. Ng'ombe wanne watatumia mita 480, na ekari tatu, ambazo ni kama mita 12,000, zitawachukua siku 25 kabla ya kurudi kitalu cha kwanza. Uzio wa umeme unaohamishika hurahisisha kazi hii, mradi maji yafike kila kitalu.

Siku 25 zinatosha masika yakiwa yamekolea. Katika baridi ya Juni hadi Agosti, na katika kiangazi, ukuaji hupungua na mzunguko hauna budi kurefushwa. Hapo wengi hukosea kwa kufungua vitalu vyote ili mifugo ijitafutie. Afadhali uwaweke katika kitalu kimoja, uwalishe hei (nyasi zilizokaushwa), matete au saileji (malisho mabichi yaliyovundikwa), na vingine uvifunge. Wamaasai wa Kajiado wana desturi ya kutenga olopololi, malisho ya karibu na boma yanayohifadhiwa kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu, na hekima hiyo inafaa hata kwenye ekari mbili.

Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa Ruai na Embakasi, usiingize ng'ombe ardhi ikiwa imelowa chepechepe, maana kwato hufukia mashina na kuacha mashimo yanayotuamisha maji. Mvua za Machi zinapoanza, usidanganywe na kijani cha wiki ya kwanza. Endelea kulisha hei hadi nyasi zifikie kimo chake.