Kumiksi magitaa mazito: punguza disto, chini muachie besi

Kijana wa roki akiingia studio, lalamiko lake ni lile lile: "Fundi, gitaa nilipokuwa napiga lilikuwa zito, kwenye miksi limekuwa jembamba." Kabla hujamjibu, mkono wake umeshafika kwenye kitufe cha disto, kile cha kukwaruza sauti, anaongeza. Hapo ndipo kazi inapoanza kuharibika.

Somo hili ni la magitaa ya roki na metali, yale ya nyuzi zilizolegezwa na kuzibwa kwa kiganja. Nitatumia Reaper, programu ya kurekodi na kumiksi, kwa sababu plagini zake za ndani (vifaa vya kutengenezea sauti) zinatosha na kompyuta ya kawaida inaimudu. Mwenye FL Studio au Cubase atafuata vilevile, majina tu ndiyo yatabadilika.

Tanga si mgeni wa gitaa la umeme. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz walilipiga hapa, Black Star Musical Club na Lucky Star wakaliingiza hadi kwenye taarabu. Ila gitaa lile lilikuwa safi. Solo lililia juu, rithimu ikajaza katikati, besi ikatembea chini, kila mmoja akajua pa kukaa. Ukiweka disto, gitaa moja linataka kukaa chini, katikati na juu kwa wakati mmoja. Sisi wa kwenye mashine kazi yetu ni kulirudisha katikati.

Hatua ya 1: Kabla ya kubonyeza rekodi

Nyuzi kwanza. Hewa ya chumvi ya kwetu inazila haraka, na uzi wenye kutu unatoa sauti butu na hautulii kwenye tyuni. Funga nyuzi mpya siku moja kabla, zivute vizuri, zilale zimekaza. Angalia tyuni kila baada ya teki, si kila baada ya wimbo. Disto haifichi tyuni mbovu, inaitangaza.

Umeme pili. Masomo mengi ya video yanatoka Marekani, na yanakuambia utafute mngurumo kwenye 60 Hz na 120 Hz (Hz ni mitetemo kwa sekunde). Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo mngurumo wako uko 50, 100 na 150. Ukifuata namba zao utakata sauti nzuri na mngurumo utabaki pale pale. Dawa ya bei rahisi: chomoa chaja ya laptop wakati wa kurekodi, sogea mbali na taa za tyubu na adapta, halafu zunguka na gitaa mkononi mpaka upate upande ambao mngurumo unapungua. Pikapu za hambaka, zile za koili mbili, zinasaidia sana, ndiyo kazi zilizobuniwa kuifanya.

Ingiza sauti kwa kiasi. Vilele vikifika -12 dB hivi kwenye biti 24, inatosha. Na kila mara rekodi pia traki safi ya moja kwa moja kutoka kwenye gitaa, isiyopita kwenye amplifaya. Siku mteja akibadili mawazo, utaipitisha upya kwenye amplifaya nyingine bila kumwita mpigaji.

Sasa geini, yaani kiasi cha disto. Tafuta ile unayoipenda, kisha irudishe nyuma karibu robo. Utaona gitaa limekuwa kavu likiwa peke yake, usiogope. Magitaa mawili au manne yakipangwa pamoja, disto zao zinajumlishana. Kama una pedeli ya aina ya Tube Screamer, iweke mbele ya amplifaya, draivu sifuri na levo juu. Hapo haiongezi disto yake. Inakata uzito wa chini kabla haujaingia kwenye amplifaya na kusukuma masafa ya kati, na nyuzi nene zinaacha kuburuzika.

Kwa maiki, Shure SM57 bado inatosha. Ukiielekeza katikati kabisa ya koni sauti inakuwa kali, ukiisogeza kuelekea ukingoni inapoa. Isogeze sentimita moja moja huku mwenzako akisikiliza kwa hedifoni, kwa sababu sentimita mbili pale zinabadilisha sauti kuliko ekwalaiza yoyote, kile kifaa cha kupandisha na kushusha masafa. Kwa wasio na amplifaya, tumia plagini pamoja na faili la IR, lile linalobeba tabia ya boksi la spika na maiki yake. Jaribu kubadilisha IR kabla ya kugusa kitu kingine.

Hatua ya 2: Piga mara mbili, kweli

Mpigaji apige rifu ileile mara mbili, teki mbili tofauti. Moja tupa kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa. Kunakili faili moja na kuliweka pande zote mbili hakuleti upana: sikio linasikia kitu kimoja kilichokaa katikati na kuongezeka sauti. Upana unatokana na zile tofauti ndogondogo za mkono. Kama mpigaji anateleza sana, rudieni mpaka zishikane, maana hakuna plagini itakayokuokoa hapa.

Hatua ya 3: Ekwalaiza

Weka magitaa yote ya rithimu kwenye traki moja ya kundi, ufanyie kazi huko. Kata chini ya 80 hadi 100 Hz. Uzi wa sita wazi, E, uko 82 Hz, na ukiulegeza hadi D uko 73, kwa hiyo najua kuna atakayeshtuka kwamba tunakata noti yenyewe. Ndiyo, tunaikata. Besi inaipiga noti hiyo oktavu moja chini, na harmoniki za gitaa, zile sauti za juu zinazozaliwa na noti, zinatosha kulifanya sikio liisikie.

Kata pia juu ya 9 au 10 kHz, huko kuna mchakacho tu. Kisha tafuta mluzi: chukua bendi nyembamba sana, ipandishe, itembeze taratibu kati ya 3 na 5 kHz. Mahali inapokuchoma sikio, ishushe desibeli tatu au nne. Mara nyingi ni sehemu moja au mbili. Ukijikuta una mashimo sita, rudi kwenye maiki au badilisha IR.

Na tafadhali msichimbe masafa ya kati. Najua amplifaya inavyopendeza chumbani ukishusha kitufe cha mid. Kwenye bendi nzima, gitaa linaishi hapo hapo kati ya 500 Hz na 2 kHz. Ukilitoa hapo, simbali zinachukua juu, besi inachukua chini, na wewe umebaki na kelele.

Hatua ya 4: Kompresa

Hapa ndipo wengi wanapokwenda kwa mazoea. Wamezoea kuweka kompresa, ile inayobana sauti inapopanda, kwenye sauti ya mwimbaji, basi wanaihamishia kwenye gitaa vilevile. Lakini disto yenyewe ni kompresa: amplifaya imeshakata vilele vyote vya mawimbi. Tazama umbo la traki kwenye skrini, ni ukuta ulionyooka. Ukiongeza kompresa ya kawaida ya 6:1 juu yake, unachopandisha ni mngurumo na sauti ya vidole vikitembea kwenye nyuzi.

Kitu kimoja tu ndicho kinachoruka. Lupu sehemu ambayo mpigaji anaachia kodi wazi, kisha anaziba kwa kiganja. Sikiliza ule mdundo, "jug-jug-jug". Juu sauti imepungua, lakini chini imevimba, na spika inasukumwa kila anapopiga. Fungua anilaiza uone: kuna kilima kinainuka kati ya 100 na 250 Hz kila kiganja kinapogusa nyuzi, kodi ikiachiwa kinalala. Ukikishusha kwa ekwalaiza, kodi wazi zinakonda. Ukikiacha, kinapigana na besi na kiki, ngoma ya mguu.

Kwa hiyo tumia kompresa ya bendi nyingi. Kwenye Reaper ni ReaXcomp, kwenye FL Studio ni Fruity Multiband Compressor au Maximus. Acha ifanye kazi bendi moja tu, kuanzia 100 hivi hadi 250 au 280 Hz, nyingine zizime. Rashio, yaani kiasi cha kubana, 4:1. Ataki, muda wa kuanza kubana, milisekunde 10 hivi, ili lile pigo la kwanza lipite. Tresholdi, kiwango inapoanzia kubana, ipange ili mita isiguswe kwenye kodi wazi, ila kwenye kuziba ishuke desibeli 3 hadi 5.

Rilizi, muda wa kuachia, ipigie hesabu. Wimbo wa midundo 160 kwa dakika, robo noti ni milisekunde 375, na zile noti za haraka nne ndani ya robo ni kama 94 kila moja. Rilizi ikiwa 200, kompresa haijaachia na mdundo wa pili umeshafika. Gitaa linakaa limebanwa muda wote na umepata ekwalaiza tu kwa njia ndefu. Weka 70 au 80. Wimbo wa polepole, iongeze.

Baada ya hapo, ukitaka magitaa yashikane, weka kompresa laini ya kawaida kwenye kundi: 2:1, ataki 30, mita ishuke desibeli moja, ikizidi mbili. Mimi mara nyingi siiweki kabisa.

Hatua ya 5: Besi

Mafahali wawili hawakai zizi moja, na chini ya 100 Hz fahali ni besi. Nakili traki ya besi ziwe mbili. Ya kwanza ikate juu ya 200 Hz, iache safi na uibane kwa kompresa mpaka isimame palepale. Ya pili ikate chini ya 200, itie disto ya kutosha. Zichanganye huku magitaa yakilia. Kisha zima besi ghafla usikilize: ule uzito wote uliodhani ni wa magitaa umeondoka nayo. Mteja asiyeamini, mfanyie hivi mbele yake.

Hatua ya 6: Rivabu na dilei

Magitaa ya rithimu yanahitaji kidogo sana. Chumba kifupi, nusu sekunde hivi, kwa sendi (kupitia traki ya pembeni), ukikata rivabu yenyewe chini ya 300 Hz na juu ya 6 kHz. Ukiisikia, punguza.

Solo ni mambo mengine. Dilei ya robo noti: gawa 60,000 kwa mwendo wa wimbo. Wimbo wa 140 unapata milisekunde 429. Marudio yakate chini ya 400 Hz na juu ya 4 kHz yasimkaribie mpigaji.

Na sauti ya mwimbaji iwekee njia: ekwalaiza inayojibu sauti yake, ishushe magitaa desibeli moja au mbili kati ya 1 na 3 kHz akianza kuimba. Msikilizaji wa huku amelelewa na taarabu, asiposikia maneno hana haja na wimbo.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Muheza: Kaka, mpigaji amesharudi Dar na ameniachia traki moja tu ya rithimu. Niinakili niicheleweshe milisekunde 15?*

Usifanye hivyo kaka. Kwenye hedifoni itapendeza, kwenye spika moja zile nakala zitakulana na sauti itakuwa ya ndani ya bomba. Tazama wimbo: kiitikio kinarudi mara ngapi? Kama kinarudi mara mbili na alipiga chote mwanzo hadi mwisho, basi unazo teki mbili. Kwenye kiitikio cha kwanza, chenyewe kinakaa kushoto na nakala ya cha pili inakaa kulia, na ukifika cha pili unavigeuza. Rifu za ubeti vivyo hivyo.

*Kutoka Pangani: Mimi ni mpigaji, si fundi. Wimbo wetu kwenye hedifoni ni moto, kwenye bajaji magitaa hayapo. Kwa nini?*

Dada, mambo mawili. Spika nyingi za bajaji na za blututhi zinacheza mono, kwa hiyo vilivyotupwa pembeni vinapoteza nguvu mbele ya vile vya katikati. Na ni ndogo, hazitoi chini. Mwambie fundi wako asikilize mono kwa sauti ya chini, apandishe magitaa hapo karibu na 1 kHz mpaka yaonekane, ndipo arudi stirio. Amuulize pia mwenye amplifaya kama kitufe cha mid hakikuwa sifuri.

*Kutoka Korogwe: Shikamoo mwalimu. Sisi ni bendi ya kwaya, wimbo una sehemu za kusimama ghafla na pale mngurumo unasikika "mmmm". Nikiweka geti, inakata mwisho wa noti.*

Marahaba mdogo wangu. Geti, ile inayofunga sauti ikishuka, iweke kwenye ile traki safi, kabla ya plagini ya amplifaya, maana baada ya disto noti na mngurumo vinakaribiana na geti haijui kipi ni kipi. Kama vituo ni vichache, achana na geti. Kata kwa mkono, weka fedi fupi ya milisekunde 10 kila mwisho. Ni kazi ya nusu saa na inakaa safi kuliko geti yoyote. Mngurumo uliobaki chini ya kodi uzibe kwa mashimo membamba ya 100 na 150 Hz.

*Kutoka Chumbageni: Fundi, hapa sikubaliani nawe. Mimi naweka 10:1 kwenye kila gitaa na wateja wanasifu.*

Wanasifu kwa sababu kompresa yako imeongeza sauti mwishoni, na chenye sauti kubwa kila mtu anakisifu. Shusha ile geini ya kutokea mpaka ukiizima na kuiwasha mita isome sawasawa, kisha mpe mteja achague bila kuangalia skrini. Akichagua yako, endelea nayo.

*Kutoka Makorora: Naweza kukuletea magitaa yangu uyasikilize?*

Lete, lakini bila plagini hata moja, na traki za besi na ngoma ziwemo. Ukiniletea magitaa peke yake sitakuwa na la kukuambia.