SOMO: Kupima mteremko wa ishara za ubongo, mtu akiwa ametulia na akiwa kazini

Wakuu, kila wiki naulizwa swali lilelile: "Mteremko wangu umetoka 4, ni sawa?" Si sawa. Nimeandika yote hapa.

Kwenye picha za MRI, ishara ya kila eneo la ubongo hupanda na kushuka. Mawimbi ya polepole ni makubwa, ya haraka ni madogo, na hakuna wimbi moja linalotawala. Chora nguvu dhidi ya masafa, pande zote mbili kwa logi, utaona mstari unaoshuka. Ukali wa kushuka kwake ndio beta.

1. Sahihisha mitikisiko ya kichwa.

2. Chukua wastani wa kila eneo.

3. Ondoa mserereko wa mashine, yaani ishara kupanda au kushuka polepole kwa sababu ya mashine yenyewe.

4. USICHUJE. Hapa ndipo nilipoumia. Maandalizi ya kawaida ya picha za mtu aliyetulia yana kichujio kinachobakiza hezi (mizunguko kwa sekunde) 0.01 hadi 0.1 tu. Nilikiacha, nikapima mteremko mpaka hezi 0.25. Kila mtu, kila eneo, beta ikapita 3. Miezi miwili nilikuwa napima ukingo wa kichujio nikidhani napima ubongo. Nilishtuka siku nilipopitisha namba za kubahatisha njia ileile: beta yake ilipaswa kuwa 0, ikatoka kubwa vilevile. Fanya jaribio hilo kabla ya kugusa data ya mtu yeyote. Na ukipakua data iliyokwisha kuandaliwa, hakikisha haikuchujwa, maana hapo hakuna cha kurekebisha.

5. Kata ishara vipande vinavyopishana, kisha chukua wastani wa spektra zake, yaani ile michoro ya nguvu dhidi ya masafa. Picha 300 za kila sekunde 2 ni dakika 10, lakini ukikata vipande vya sekunde 200 huoni chochote chini ya hezi 0.005.

6. Pitisha mstari kati ya 0.01 na 0.1.

7. Linganisha kutulia na kazi. Mtafiti wa ubongo Biyu He alionyesha mwaka 2011 kwamba mtu akishika kazi, beta hushuka. Kama kazi yako ni sekunde 20 kubonyeza na 20 kupumzika, kutachomoza kilele kwenye hezi 0.025. Kitoe kwanza.

MASWALI

chapchap: Mkuu nimepata 3.6, nifanyeje?
— Hatua ya 4.

chapchap: Nimesoma, bado.
— Umepitisha namba za kubahatisha? Leta jibu lake ndipo tuongee.

Bi Mdadisi: Samahani mwalimu, kwa nini tuishie 0.1?
— Swali zuri sana, dada. Ukipiga picha kila sekunde 2, chochote kilicho juu ya hezi 0.25 hujikunja na kurudi chini. Pumzi 18 kwa dakika ni hezi 0.3, nayo hujitokeza kwenye 0.2. Mapigo 66 ya moyo ni 1.1, yanaangukia 0.1 penyewe, mlangoni kabisa. Kwa hiyo rekodi moyo na pumzi, uvitoe.

mpingaji: Hizi si kelele za mashine tu? Hata chupa ya maji hutoa mteremko.
— Hutoa, kweli, na hilo silikatai. Lakini mashine haijui kama mtu amelala kimya au anabonyeza kitufe. Beta ikibadilika kati ya hali hizo mbili, kelele za mashine pekee hazitoshi kulieleza.

Bi Mdadisi: Ila kichwa nacho hutikisika zaidi mtu akibonyeza?
— Ndiyo. Linganisha mitikisiko ya hali zote mbili kabla ya kuamini tofauti. Ahsante, naiongeza hatua ya 7.

kijana_wa_Pasiansi: Wengine wanaandika H ya Hurst. Ni yule wa mto Nile?
— Ndiye. Harold Edwin Hurst, Mwingereza aliyefanya kazi Misri. Mwaka 1951 alichapisha hesabu za mabwawa, akionyesha kwamba miaka ya maji mengi huandamana na ya maji haba huandamana. Ziwa hilo mlilo nalo Mwanza alilichunguza pia. H hupima nguvu ya mwandamano huo. Beta ikiwa chini ya 1, ongeza 1 ugawe kwa 2: beta 0.6 ni H 0.8.

kijana_wa_Pasiansi: Basi nina vipimo vya kina cha ziwa vya kila mwezi. Naweza kutumia hatua hizihizi?
— Tumia ya 4 na ya 5, kisha pitisha mstari, ila si kati ya hezi 0.01 na 0.1: vipimo vya kila mwezi havifiki huko. Na msimu wa mvua utatoa kilele cha mwaka, kitoe kama tulivyotoa cha kazi.