Kuyamaliza magugu sugu shambani: mbaruti, ndago, kongwe na kiduha

Huku Muheza, mkoani Tanga, mvua za masika zikishika, mahindi na magugu huota pamoja. Mkulima huita vibarua, shamba hupaliliwa likawa jeupe, na baada ya wiki mbili ndago zimerudi nyingi kuliko mwanzo. Hapo ndipo watu husema udongo umechoka au shamba lina mkosi. Udongo hauna kosa. Magugu sugu hayazaani kwa namna moja, na jembe lilelile linaloua gugu hili ndilo linalopanda lile. Ukishajua kila gugu linaficha wapi uzao wake, utajua lini ukate, lini ung'oe na lini uache jembe ndani.

Mwongozo huu ni wa mwenye ekari chache za mahindi, mihogo au michungwa, anayetegemea jembe la mkono na pengine bomba la mgongoni.

Hatua ya 1: Chimba, usitazame majani tu

Kabla ya msimu zunguka shamba lote na jembe. Kila gugu unalolichukia, lichimbe na mizizi yake, likung'ute udongo, ulitazame vizuri.

Mbaruti ina majani ya miiba yenye michirizi myeupe, maua ya njano, na ukiikata hutoa utomvu wa njano. Chini ina mzizi mkuu mmoja unaoshuka wima. Huzaana kwa mbegu tu, na hilo ni jambo jema kwako.

Ndago hudanganya kwa sura ya nyasi. Viringisha shina lake kati ya vidole, utahisi pembe tatu. Ukichimba utakuta vijiazi vidogo vyeusi vilivyofuatana kwenye uzi mmoja kama tasbihi. Kila punje ni mmea unaosubiri zamu yake.

Kongwe hutambaa, ina shina laini lenye vifundo na maua madogo ya buluu. Kila kifundo kikigusa udongo wenye unyevu huota mizizi. Tena ukifukua taratibu utaona ina vimaua vyeupe chini ya ardhi, navyo huzaa mbegu bila kuonekana na mtu.

Kiduha ni kimmea kifupi chenye maua mekundu kinachosimama karibu na shina la mahindi au mtama. Mizizi yake imeshika mizizi ya mahindi na kuinyonya.

Chora ramani ya shamba kwenye daftari, hata kama mistari imepinda, uandike ndago ziko upande gani na mbaruti upande gani. Kulitibu shamba zima kwa dawa moja ni kupoteza fedha.

Hatua ya 2: Mbaruti ikatwe kabla ya vitumba kukauka

Mbegu za mbaruti ni nyingi, ndogo, nyeusi, na hukaa ardhini miaka kadhaa zikiwa hai. Basi kazi yako ni moja: mwaka huu isidondoke mbegu mpya hata moja.

Subiri mvua ilainishe ardhi. Vaa viatu vya kufunika mguu na glavu nene, kisha ingiza ncha ya jembe chini kidogo ya pale shina linapokutana na mzizi, uukate hapo. Kufyeka kwa panga juu ya ardhi hakutoshi, kwa maana kisiki huchipua matawi ya pembeni na kutoa maua upya, safari hii chini chini usipoyaona.

Ikiwa vitumba vya mbegu vyenye miiba vimeshatokea, usiiache ilale mstarini, maana mbegu zilizokwishakomaa zitamwagika papo hapo. Iinamishe ndani ya gunia, ukate, ubebe nje ya shamba, ikaushe na uichome.

Mbuzi na ng'ombe huikwepa. Ndiyo maana malisho yaliyolishwa kupita kiasi hujaa mbaruti tupu, majani mazuri yote yakiwa yameisha. Ukiona hivyo, punguza mifugo pale kwa msimu mmoja, nyasi zipate nafuu na kuifunika. Na mwenye kulima ufuta au haradali awe makini zaidi wakati wa kupeta: mbegu za mbaruti zina sumu, na mafuta yaliyochanganyika nazo huvimbisha mwili. Mwaka 1998 kule Delhi, India, watu waliugua na wengine kufa kwa mafuta ya haradali yaliyokuwa na mbegu hizi.

Hatua ya 3: Ndago zipigwe kiangazi, kisha zichoshwe

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Punje za ndago zikiwa bado zimeungana, iliyo mwisho wa uzi huchipua na kuzizuia zilizo nyuma yake zisiote. Ukipita na jembe udongo ukiwa mbichi unaukata ule uzi. Sasa kila punje imeachwa peke yake, na zote huchipua. Trekta yenye jembe la sahani hufanya hivyohivyo kwa kasi zaidi, tena huzisambaza mpaka pembe ambayo haikuwa nazo.

Kwa hiyo badili wakati. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na jua likiwa kali, lima sehemu yenye ndago kina cha jembe zima, geuza mabonge, na uyaache yaanikwe. Usisawazishe. Vijiazi vinavyopigwa jua na upepo hunyauka na kufa, lakini vilivyojificha ndani ya bonge hupona. Baada ya wiki moja au mbili vunja mabonge na ugeuze tena. Mvua ya ghafla ikinyesha katikati ya kazi hii, okota vijiazi unavyoviona, uvitoe shambani. Usivitupe kwenye mboji isiyopata moto, vitarudi nayo shambani.

Masika ikianza, ndago zilizopona zitachipua. Usikimbilie kupanda siku hiyohiyo. Ziache zitoe majani, kisha zikate juu juu kwa jembe lililonolewa, usichimbe. Halafu rudia kila baada ya wiki mbili. Hesabu hii ina sababu: chipukizi hula akiba ya kijiazi mpaka majani yapate nguvu, na yakikaa juu ya ardhi wiki tatu au zaidi huanza kutengeneza vijiazi vipya. Ukichelewa, umezilisha. Ukiwahi, kila mkato unakausha akiba ya chini. Mwenye kufuata ratiba hii misimu miwili mfululizo huona tofauti. Mwenye kupalilia mara moja akaenda zake ni heri asingeanza.

Sangari, ile nyasi yenye mizizi myeupe inayopenya ardhini, nayo ifanyie vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba ile mizizi unaweza kuivuta kwa reki au uma na kuichoma ikikauka.

Hatua ya 4: Kongwe itolewe shambani

Usiipalilie kongwe asubuhi yenye mawingu ukaiacha juu ya tuta. Jioni mvua ikinyesha, umeshapanda vipande mia. Ing'oe kwa mkono jua likiwa kali, ikusanye kwenye turubai, uipeleke kwa sungura au mbuzi. Wanaipenda. Ukikosa mifugo, ilundike juu ya mwamba au bati mpaka ikauke kabisa.

Hatua ya 5: Funika ardhi

Ndago haistahimili kivuli, na huo ndio udhaifu wake mkubwa. Katika mahindi panda kunde katikati ya mistari wiki ya pili tangu mahindi yaote, au maboga kwa nafasi pana. Hakikisha shamba ni safi kuanzia wiki ya pili hadi ya sita, maana hapo ndipo magugu hupunguza mavuno zaidi. Baadaye mahindi yenyewe hujitetea.

Chini ya michungwa weka matandazo mazito ya majani makavu au makumbi ya nazi, ila yasiguse shina, yaache nafasi ya kiganja. Mahali palipotekwa kabisa, panda mukuna, jamii ya kunde inayotambaa na kufunika ardhi (ile isiyo na upupu), msimu mzima, uikate kabla haijazaa.

Hatua ya 6: Kiduha

Ukiona ua jekundu, mahindi yameshaumia, kwa sababu kiduha hukaa chini ya ardhi kikinyonya majuma kadhaa kabla ya kuchomoza. Hata hivyo king'oe, na ukichome kabla ya mbegu. Mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu laini kama vumbi, na huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikingoja mzizi wa mahindi au mtama.

Kinachosaidia zaidi ni kubadilisha mazao. Mizizi ya kunde huziamsha mbegu za kiduha, lakini kiduha hakiwezi kushika mizizi hiyo, basi huota na kufa. Ongeza samadi iliyoiva, kwani kiduha hustawi katika ardhi iliyofilisika naitrojeni. Misimu miwili ya kunde au mihogo kabla ya kurudi kwenye mahindi ni subira inayolipa.

Hatua ya 7: Dawa, kwa kipimo

Mimi hutumia dawa mwisho, kwenye sehemu tu. Nunua iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), chupa haijafunguliwa, ina lebo unayoisoma.

Kwa ndago na sangari, dawa ya magugu iitwayo glaifoseti hushuka hadi chini endapo majani ni mengi, mabichi na yanakua. Ukipuliza mimea iliyonyauka kwa kiangazi, umemwaga fedha. Tumia maji safi, kwa sababu maji ya tope huifunga dawa isifanye kazi. Usilime wiki mbili au tatu baada ya kupuliza. Isiguse majani wala gome bichi la mchungwa. Kongwe huistahimili sana, kwa hiyo usiitegemee hapo. Na atrazini, dawa nyingine ya magugu, ni ya mahindi yaliyopandwa peke yake; ukiyachanganya na kunde, utaziua kunde.

Pima bomba lako hivi: weka alama mita 10 kwa 10, jaza maji matupu, puliza kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima maji yaliyotumika. Zidisha kwa 40, upate ya ekari. Ikiwa umetumia lita 2, ekari itahitaji lita 80, yaani mabomba matano ya lita 16. Lebo ikisema lita moja kwa ekari, basi kila bomba lipate mililita 200. Vaa barakoa, glavu na buti, puliza asubuhi upepo ukiwa umetulia, na chupa tupu ioshwe mara tatu, itobolewe, isichotewe maji ya kunywa kamwe.

Hatua ya 8: Linda mlango wa shamba

Samadi mbichi ya ng'ombe huja na mbegu walizokula. Ilundike, iloweshe, igeuze, iache ipate moto na ipoe, ndipo uitumie. Vipande vya mihogo na miche ya michungwa vikague kabla ya kuviingiza, hasa udongo ulio kwenye viriba vya miche, maana ndago husafiri humo. Na trekta ya kukodi ikifika, mwambie dereva asimame barabarani, mkwangue udongo wa shamba la jirani kwenye sahani za jembe lake kabla hajavuka mpaka wako.